JUA LAFANYA NINI KATIKA CHUNGWA?

Mwenye kununua machungwa katika soko la Kongowea, Mombasa, hutazama mambo mawili tu: ukubwa wa tunda na uzito wake. Hulipima kwa kiganja, hulibinya kidogo, akiridhika hulitia kapuni. Ni wachache mno waulizao tunda lile lilining'inia wapi mtini kabla halijachumwa. Je, lilikuwa kileleni, likipigwa na jua toka asubuhi hata jioni? Au lilikuwa ndani, karibu na shina, mahali ambapo hata saa sita ya mchana huwa na giza la majani? Swali hili huonekana la kipuuzi, lakini wataalamu wamelichunguza kwa zaidi ya miaka sabini, na jibu lake lina maana kwa mwenye shamba, kwa mwenye kuuza maji ya machungwa, na zaidi kwa mama mwenye watoto wadogo.

Mimi mwenyewe nisingalilifikiri kama si mzee mmoja wa upande wa Kilifi. Nilipokwenda kumwamkia nilimkuta ameketi chini ya mwembe wake, uso umekunjamana. Nikamwambia, "Shikamoo, mzee." Akaitika, "Marahaba, mwanangu, karibu," lakini sauti ilikuwa ya mtu mwenye mashaka. Shamba lake lina minazi, na kati ya minazi ipo michungwa ya umri mkubwa, na pembeni umesimama mwembe huo ambao kivuli chake huifunika michungwa saba. Mpwa wake, kijana aliyesoma, alikuwa amemwambia kwamba machungwa yanayokulia kivulini hayana vitamini hata chembe, na kwamba yampasa aukate mwembe na kuifyeka michungwa yote kwa ndani ili jua lipite.

"Mwembe huu aliupanda baba yangu," mzee akasema. "Nikiukata leo, mimi sitauona mwingine kama huu. Na michungwa nikiifyeka, mwaka huu nitauza nini? Lakini kijana ananiambia kwamba mimi nawalisha wajukuu wangu maji matupu. Wewe usomaye vitabu, niambie: ni kweli, au ni maneno tu?"

Sikuwa na jibu siku ile. Nilimwomba anipe muda, nikaenda kutafuta. Niliyoyapata ndiyo haya, na msomaji ataona kwamba kijana yule alikuwa na kweli mkononi, ila aliivuta mpaka ikapita kiasi.

Kwanza ni lazima tujue tunazungumza juu ya kitu gani. Vitamini C ni asidi iliyomo katika matunda na majani mabichi, ambayo mwili wa binadamu hauwezi kujitengenezea. Mtu akiikosa kwa miezi kadhaa hushikwa na kiseyeye: fizi huvimba na kutoka damu, meno hulegea, vidonda vya zamani hufunguka tena, na mwisho wake ni kifo. Kiasi cha miligramu 10 hivi kwa siku hutosha kuuzuia ugonjwa huo. Shirika la Afya Duniani pamoja na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa yalishauri, mwaka wa 2004, kwamba mtu mzima apate miligramu 45 kwa siku. Kiseyeye chenyewe si ugonjwa wa kila nyumba kwetu, ila vitamini hii ina kazi nyingine ambayo akina mama wangefaa kuijua: huusaidia mwili kuyafyonza madini ya chuma yaliyomo katika maharagwe, kunde na mboga za majani. Mtoto akila kunde, kisha akala chungwa pamoja na chakula hicho hicho, hupata damu zaidi kutokana na kunde zile kuliko angalizila peke yake.

Katika gramu 100 za chungwa mna miligramu 50 hivi za vitamini hiyo. Limau hukaribia kiasi hicho, nayo ndimu, balungi na chenza huwa na pungufu. (Mpera, ambao wengi wetu twauacha kwa watoto na ndege, hulishinda chungwa mara nyingi. Lakini leo habari zetu ni za machungwa.) Hesabu hizo ni za wastani, na wastani huficha mengi. Machungwa mawili ya mti mmoja, yaliyochumwa siku moja, huweza kutofautiana kabisa.

MTI MMOJA WA FLORIDA

Watu wa kwanza kulithibitisha jambo hilo kwa subira kubwa walikuwa wataalamu wa Florida, jimbo la kusini ya Marekani ambako wakati ule michungwa ilikuwa utajiri wa nchi. Mabwana wawili, Sites na Reitz, walichapisha katika miaka ya 1949 na 1950 matokeo ya kazi ambayo wengi wetu tungeichoka kwa siku moja. Waliyachunguza machungwa ya aina ya Valencia moja moja, wala hawakuyachanganya kapuni, wakiandika kila tunda lilikaa mahali gani mtini: juu au chini, nje au ndani, upande gani wa dira. Kisha walipima utamu, ukali na vitamini C ya kila moja. Wenzao, Winston na Miller, walikuwa wameshaandika mwaka wa 1948 juu ya jambo lilo hilo, yaani jinsi tunda linavyokaa juani au kivulini.

Yote waliyoyaona yaliafikiana. Matunda ya nje, yenye kupigwa na jua, yalikuwa na vitamini C nyingi zaidi, na sukari nyingi zaidi, kuliko yale ya ndani yenye kufunikwa na majani. Matunda ya juu yaliyapita ya chini. Na la ajabu kuliko yote ni kwamba tofauti hiyo haikuishia baina ya tunda na tunda. Hata ndani ya tunda moja, upande uliolielekea jua huwa na vitamini nyingi kuliko upande uliogeukia shina. Ukilikata chungwa vipande viwili na kumpa kila mtoto kimoja, hukuwagawia sawasawa!

Wataalamu wa Japani nao waliifunika michenza kwa vitambaa vya kupunguza nuru, wakaona kwamba kadiri kivuli kinavyozidi ndivyo vitamini hii inavyopungua katika majani na katika ganda la tunda. Na mwaka wa 2015 wengine wa nchi hiyo hiyo walifanya jaribio jingine: walivichukua vile vifuko vidogo vya maji vilivyomo ndani ya chungwa, chenza na limau, wakavilea katika vyombo vya maabara, wakavimulikia taa ya rangi ya samawati. Vitamini C ikaongezeka. Hapo palikuwa hapana jani wala mti. Palikuwa na nuru na tunda tu.

Jaribio hilo lina maana kubwa kuliko linavyoonekana, kwa sababu laonyesha kwamba jua hufanya kazi kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ya jani. Jani ndilo jiko la mti. Kwa nguvu ya jua huchanganya maji na hewa likapika sukari, na sukari hiyo husafiri hata kwenye tunda. Vitamini C hutengenezwa kutokana na sukari. Basi tunda lenye majani mengi ya juani karibu yake hupata sukari nyingi, na kwa hiyo hupata cha kutengenezea vitamini. Njia ya pili ni ile ya tunda lenyewe: nuru ikiligusa huziamsha zile kazi za ndani zenye kuigeuza sukari kuwa vitamini na kuirudisha ile iliyokwisha kutumika. Lakini msomaji asidhani kwamba pasipo nuru hapana vitamini. Mmea huweza kuitengeneza hata gizani, maadamu una sukari. Nuru huongeza kiasi tu. Hapo ndipo mpwa wa mzee alipokosea aliposema "hata chembe".

Kwa nini mti ujisumbue hivyo? Jua kali huchoma. Huamsha ndani ya majani na maganda sumu fulani za oksijeni, na vitamini C ni mojawapo ya dawa ambazo mmea hujikingia. Palipo na hatari zaidi ndipo penye dawa zaidi. Ndiyo maana ganda la chungwa, ambalo ndilo lenye kupokea jua, lina vitamini nyingi kuliko maji ya ndani. Katika chungwa zima, maji tunayoyanywa huwa na robo hivi tu ya vitamini yote. Nyingine imo katika ganda, katika ule weupe wa chini ya ganda, na katika nyama. Sisemi kwamba watu waanze kutafuna maganda, maana maganda mengi ya siku hizi yamepuliziwa dawa. Lakini yule mwenye kulikamua chungwa na kuitupa nyama yote ametupa sehemu ya vitamini yake.

JUA LETU SI JUA LA FLORIDA

Hapa yafaa tutahadhari, maana maarifa ya nchi moja hayafai kuchukuliwa mzima mzima kupelekwa nchi nyingine. Florida iko kaskazini, na mwaka mzima jua la adhuhuri hukaa upande wa kusini. Kwa hiyo mkulima wa kule aweza kusema kwa hakika kwamba upande wa kusini wa mti wake ndio wa jua. Mkulima wa Kilifi au Kwale hawezi kusema hivyo. Sisi tu karibu na Ikweta: kwa karibu nusu ya mwaka, tangu Machi hata mwanzo wa Oktoba, jua la adhuhuri huwa kaskazini yetu, kisha huhamia kusini. Pande zote mbili hupata zamu. Kinachobaki kuwa na maana kwetu ni kilele dhidi ya uvungu, na nje dhidi ya ndani.

Tena jua letu ni kali. Chungwa lililoachwa wazi kabisa, ambalo halina jani hata moja la kulisitiri, huweza kuungua: ganda hupata baka la manjano lililofifia au la hudhurungi, na chini ya baka hilo vifuko vya maji hukauka vikawa kama pamba. Tunda la namna hiyo halina faida kwa mnunuzi wala kwa mla. Linalotakiwa ni jua lenye kuchujwa na majani kidogo.

Na wala mtu asidanganyike na rangi. Kwetu Pwani chungwa huiva likabaki kijani, kwa sababu usiku wetu hauna baridi ya kutosha kuiondoa rangi ya kijani katika ganda. Chungwa la kijani la Pwani huweza kuwa tamu na lenye vitamini tele, na lile la rangi ya dhahabu lililotoka ng'ambo huweza kuwa limekaa majuma mengi ghalani. Nimewaona watu wa mjini wakilipa bei maradufu kwa ajili ya rangi tu.

Yako mambo mengine yanayoshindana na jua katika kuamua vitamini ya chungwa, nami nayataja kwa ufupi. Mche uliobebeshwa juu ya mlimau wa shamba hukua upesi na huvumilia ukame, nao hupendwa sana Kenya, lakini matunda yake kwa kawaida huwa na sukari na vitamini pungufu kuliko ya mche uliobebeshwa juu ya mdanzi. Mbolea ya naitrojeni ikizidi, vitamini hupungua. Na tunda likiachwa mtini muda mrefu baada ya kuiva, kiasi cha vitamini katika kila kijiko cha maji yake hushuka.

NURU ILIYOJENGA HUBOMOA

Mpaka hapa jua limekuwa rafiki. Lakini tunda likisha kukatwa na kukamuliwa, urafiki huo hugeuka. Jambo hili liliwagharimu watu maisha yao, nalo lina historia ambayo nataka kukaa nayo kidogo.

Mwaka wa 1747 daktari wa manowari ya Kiingereza iitwayo Salisbury, jina lake James Lind, aliwachukua mabaharia 12 wenye kiseyeye akawagawa wawili wawili, kila jozi akaipa dawa yake. Jozi moja ilipewa machungwa mawili na limau moja kila siku. Matunda yalikwisha baada ya siku sita, lakini mmoja wao alikuwa karibu tayari kurudi kazini, wakati wengine wangali hoi. Kitabu chake alikitoa mwaka wa 1753. Lakini Lind, kwa kutaka kuwarahisishia mabaharia, alishauri maji ya matunda yachemshwe polepole kwa saa nyingi mpaka yawe mazito kama asali, ndipo yatiwe chupani. Hakujua kwamba kwa moto ule na hewa ile alikuwa akiiondoa dawa yenyewe na kubakiza ukali tu. Ilikuwa hadi mwaka wa 1795 ndipo jeshi la maji la Uingereza lilipoanza kuwapa mabaharia maji ya malimau, na kiseyeye kikatoweka manowarini.

Kisha ikatokea hasara ya pili. Katika karne ya 19 Waingereza waliyaacha malimau ya Bahari ya Kati wakachukua ndimu za visiwa vya West Indies, vilivyokuwa chini ya bendera yao. Wao waliyachanganya majina mawili ambayo mtoto yeyote wa Pwani hayachanganyi: kwetu ndimu ni ndimu na limau ni limau, lakini kwa Kiingereza cha siku zile neno moja lilitumiwa kwa yote mawili. Ndimu ina vitamini chache kuliko limau tangu hapo, na maji yake yaliachwa katika hewa na nuru, yakapitishwa katika mabomba ya shaba nyekundu. Hakuna madini yenye kuiharibu vitamini C upesi kama shaba hiyo. Msafara wa Kapteni Nares uliokwenda upande wa Ncha ya Kaskazini mwaka wa 1875 ulirudi mwaka wa 1876 baada ya kuandamwa na kiseyeye, na watu wakaanza kusema kwamba habari za malimau zilikuwa hadithi tu. Ilichukua muda mrefu kuijua sababu. Mwaka wa 1918 Bibi Harriette Chick na wenzake, mjini London, walilinganisha limau na ndimu kwa kuwalisha wanyama wadogo wa maabara ambao, kama sisi, hawawezi kujitengenezea vitamini hii. Waliona kwamba maji ya ndimu yalikuwa na nguvu kama robo tu ya maji ya limau. Vitamini yenyewe ilitambuliwa mwaka wa 1932, na Albert Szent-Györgyi wa Hungaria alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1937.

Basi nini hasa huiharibu? Adui mkubwa ni oksijeni ya hewa. Joto humharakisha, shaba na chuma humharakisha, na nuru pia humharakisha, hasa pale palipo na vitamini B2, ambayo huinyaka nuru na kuichochea oksijeni. Kwa sababu hiyo maziwa yaliyowekwa juani katika chupa nyeupe hupoteza vitamini C yake upesi sana. Maji ya machungwa yana bahati nzuri zaidi, kwa kuwa ni makali, na ukali huihifadhi vitamini. Wako watu wasemao kwamba maji ya chungwa yasiponywewa kwa dakika chache yamekuwa bure. Si kweli. Yakifunikwa vizuri na kuwekwa mahali pa baridi na giza, hupungua kidogo kidogo kwa siku, wala si kwa dakika.

Lakini hayo ni ya baridi na giza. Pita barabara yoyote ya mji wa Pwani wakati wa mavuno, utawaona vijana wamepanga chupa za maji ya machungwa juu ya ukuta, chupa nyeupe, zimejazwa nusu, jua likipenya ndani yake ili rangi ipendeze na kumvuta mpita njia. Humo mna joto, mna nuru, na ile nusu tupu ya chupa mna hewa. Maadui watatu wamefungiwa pamoja na vitamini. Nilimwuliza kijana mmoja kwa nini hazifuniki kwa gunia lililoloweshwa maji. Akanijibu, "Bwana, nikizifunika, nani atajua kwamba nauza?" Sikuwa na jawabu la kumpa, ila nilimshauri aweke chupa moja juani kwa maonyesho, nyingine zote azitie kivulini, na kila chupa aijaze hata shingoni. Alicheka, lakini nilipopita juma la pili kulikuwa na chupa moja tu ukutani.

Tunda zima, lisilomenywa, halidhuriwi na nuru namna hiyo, kwani ganda ni nguo yake. Hata hivyo likirundikwa juani sokoni mchana kutwa hupata joto, hupoteza maji, na huanza kuoza mapema. Kivuli cha makuti chatosha.

MZEE NA MWEMBE WAKE

Nilirudi Kilifi nikiwa na majibu, na mzee alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Nilimwambia hivi. Machungwa ya chini ya mwembe ni kweli huwa na vitamini na utamu pungufu kuliko yale ya juani. Lakini tufanye hesabu. Chungwa la kadiri huwa na miligramu 60 au 70. Tuseme la kivulini lina pungufu kwa robo nzima. Bado mjukuu alaye chungwa moja tu la kivulini amepata miligramu 45 au zaidi, kiasi kinachomtosha hata mtu mzima. Basi hajawalisha wajukuu maji matupu, wala hana dhambi ya kujuta.

Kwa upande wa biashara neno ni jingine. Mnunuzi hapimi vitamini, ila ulimi wake hupima sukari, na sukari hufuata jua vile vile. Michungwa saba iliyofunikwa na mwembe huzaa kidogo, na kinachozaliwa hakina utamu. Hasara hiyo mzee alikuwa ameiona kwa macho yake tangu zamani, ila hakuwa ameijua sababu.

Kuhusu kufyeka ndani ya michungwa, nilimsihi asifanye kama alivyoambiwa. Majani ya nje ya mchungwa, katika unene wa kama mita moja, huinyaka karibu nuru yote. Ndiyo maana matunda ya ndani huwa machache tangu hapo. Mchungwa huweka akiba ya chakula chake katika majani, na ukiufyeka kwa ghadhabu utakaa mwaka au zaidi bila kuzaa vema, na matawi yaliyofunuliwa ghafla huungua kwa jua. Yatosha kuondoa matawi makavu, yale yenye kusagana, na machipukizi yaendayo juu kama fimbo, tena baada ya mavuno. Bwana Shamba, ambaye siku hizi huitwa afisa wa kilimo, aweza kumwonyesha kwa mkono, maana kazi ya kupogolea haifundishiki vizuri kwa maandishi.

"Na mwembe?" akauliza.

Nikamwambia kwamba mwembe una matawi manne makubwa, na mawili tu ndiyo yanayoifunika michungwa. Alitazama juu kwa muda mrefu. Akasema, "Mawili naweza. Baba hatakasirika kwa mawili."

Mpwa wake alikuwapo, na hakuridhika. Alisema mimi nimechukua njia ya katikati kwa kumwogopa mzee. Basi nikampa kazi, na kazi hiyo yeyote mwenye shule karibu aweza kuifanya. Achukue wanga wa muhogo, nusu kijiko, aupike katika maji mpaka uwe uji mwepesi, aupooze. Atie matone machache ya uji huo katika bilauri ya maji safi, kisha tone moja la iodini ya dukani, ile ya kupaka vidonda. Maji yatakuwa meusi ya samawati. Halafu atie maji ya chungwa kwa tone moja moja, akikoroga na kuhesabu, mpaka rangi ipotee. Chungwa lenye vitamini nyingi huifuta rangi kwa matone machache. Lenye vitamini chache huhitaji matone mengi. Maji na iodini vipimwe sawasawa kila mara, machungwa yawe ya siku moja, na mtu asinywe kilichomo bilaurini, kwa kuwa iodini ni sumu.

Tulikubaliana achume machungwa kumi ya kileleni na kumi ya chini ya mwembe, ayapime yote, aandike hesabu katika daftari. Kisha afanye vivyo hivyo mavuno ya mwakani, matawi mawili yakisha kukatwa. Alipoanza siku ile ile, kabla ya magharibi, chungwa la kwanza la kileleni lilifuta rangi kwa matone tisa, na la kwanza la kivulini kwa matone kumi na mawili. Mzee aliinama juu ya bilauri, akatazama maji yaliyotakata, akamwambia mpwa wake ahesabu tena.